Kinyozi Aliyemwimbia Shemeji Yake

Mtaani walimwita Wembe, na jina hilo halikutokana na kazi yake peke yake. Ni kweli alikuwa kinyozi, na duka lake la viti vitatu, alikofanya kazi na vijana wawili, lilikuwa la kwanza ukitoka lango kuu la uwanja wa mpira, lakini vinyozi walikuwa wengi na hakuna mwingine aliyeitwa hivyo. Kilichokata kwake kilikuwa mdomo. Mtu akilalamika kwamba amenyolewa vibaya, Wembe alimsogezea kioo cha mkononi na kumwambia, "Ndugu yangu, mimi nanyoa nywele. Sura ulikuja nayo." Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na waliokuwa wakisubiri wakasahau kwamba zamu ya kukaa kwenye kile kiti ilikuwa inawajia.

Mdomo huo aliupata utotoni. Alikuwa na pumu, mwembamba kama kijiti cha kibiriti, na watoto walipogawana timu yeye alibaki mwisho, na wakati mwingine hata huyo wa mwisho hakuhitajika. Akawa anakaa pembeni kwenye tofali na kuwatania wanaocheza. Siku moja alimwita golikipa mmoja Lango la Hospitali, kwa sababu liko wazi mchana na usiku. Kiwanja kizima kikalipuka kwa kicheko. Yule mtoto akavua glovu zake za soksi, akaenda zake nyumbani analia, na hakurudi tena kudaka. Wembe alibaki juu ya tofali lake akiwa na raha ambayo hakuwahi kuipata. Amemtoa mtu uwanjani, na mpira hakuugusa.

Ukubwani kazi ikawa ile ile, ila tofali lilikuwa limekua. Timu yake ilikuwa Radi, na kwenye jukwaa la juani, lile lisilo na paa, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alipanda kwenye uzio wa chuma, akashikiliwa miguu na wenzake wawili, akatoa sauti, na maelfu wakaipokea. Kocha mmoja wa Radi alikuwa anavaa suti nyeusi kila mechi na kusimama mikono nyuma. Wembe akamwita Mfiwa. Kila Radi ilipofungwa goli, jukwaa zima liliimba, "Poleni na msiba! Mazishi ni saa ngapi?" Mfiwa alijaribu suti ya kijivu, wakaimba kwamba arobaini imekwisha. Alipofukuzwa, Wembe alijipigapiga kifua dukani. "Nimewaondoa wangapi kwa mdomo huu?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo jukwaa la juani halikulijua. Wembe hakuzaliwa Radi. Alikulia upande wa pili wa mji, kwa watu wa Mamba, mahasimu wa Radi, wale ambao hata kuwataja dukani kwake ilibidi uteme mate kwanza. Ujana wake wote aliimba nyimbo za Mamba. Juu ya kitanda chake alibandika picha ya winga wa kushoto wa Mamba, kijana wa miguu mirefu aliyekimbia kama mtu anayefukuzwa. Alimpenda yule winga kuliko ndugu zake wa damu. Alikwenda kusimama nje ya geti lao ili tu amwone akitoka, na katika kusimama huko akamwona dada yake winga akija na beseni la maji ya kufulia. Akamtania. Dada akammwagia maji yote. Mwaka uliofuata wakaoana.

Alipokuja kufungua duka karibu na uwanja wa Radi, aliona mara moja kwamba kinyozi wa Mamba kwenye mtaa ule angelala njaa. Akanunua jezi ya Radi, akaivaa, akatoka nayo barabarani akiwa mtu mwingine. Alimwomba mkewe asimwambie mtu, na mkewe akacheka. "Nani ataniuliza habari za mpira mimi?" Kwamba shemeji yake aliwahi kuchezea Mamba, hilo watu walilijua na wakamtania, naye alilimeza. "Mimi nilioa dada mtu," alikuwa akisema. "Huyu kaka nilipewa kama nyongeza."

Walikuwa na binti mmoja, ambaye alipokaribia kuanza shule alikuwa bado anakojoa kitandani. Asubuhi moja Wembe alimtwika godoro lake dogo kichwani alitoe nje mwenyewe, mbele ya wapangaji wenzao, aone aibu, aache. Mkewe alitoka jikoni mbio na mikono yenye unga, akalishusha lile godoro, akalibeba yeye. Alipolianika alimvuta mumewe ndani na kufunga mlango.

"Usimfanyie hivyo mwanangu. Hata siku moja."

Ndipo akamsimulia. Kaka yake, yule winga, alikojoa kitandani hadi alipoanza kuota ndevu. Baba yao alikuwa mtu wa kipigo, akikohoa tu mlangoni watoto walitetemeka. Na mama yao, kwa kukosa akili nyingine, alimtwika kijana godoro kila asubuhi na kumpitisha nalo njia nzima hadi kwenye uzio wa mwisho penye jua. Watoto wa mtaa wakamtungia wimbo. Walimfuata nao kwenda shule, wakamngoja nao wakati wa kurudi.

"Zile mbio zake watu wanafikiri alizifundishwa," mkewe alisema. "Alikuwa anaukimbia ule wimbo."

Akauimba, taratibu, machozi yakimtoka. Ulikuwa wimbo wa kuitikiana. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. *Godoro hilo, godoro! Jana? Limelowa! Leo? Limelowa! Kesho je? Litalowa!* Ule mtaa ulikuwa umebomolewa zamani na watu wake wametawanyika. "Tunaoujua siku hizi ni mama, mimi na yeye mwenyewe," mkewe alisema. "Na sasa wewe."

Wembe alimkumbatia. Alisikitika kweli, hakuigiza. Lakini kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi hiyo, alisikia pia kwamba ule wimbo umetungwa vizuri sana.

Baada ya Mfiwa kuondoka, dukani kwa Wembe kazi ilikuwa moja tu, kukisia nani anakuja. Fundi wa kuchomelea vyuma wa jirani, waliyemwita Cheche, aliapa kwamba anakuja mzungu aliyewahi kufundisha timu ya taifa, amemwona kwa macho yake akishuka kwenye teksi na mabegi matano. Mwalimu mmoja wa hesabu alisema mzungu yule alikuwa mtalii. Kishindo, mpiga ngoma wa jukwaa la juani, mtu mnene mwenye sauti iliyotoka tumboni, alisema yeye hajali rangi wala lugha, bali anataka mtu mwenye uchungu na Radi. Kila mmoja alikuwa amekwisha mpenda kocha wake wa kichwani.

Redio ilipotangaza jina, Cheche alikuwa amenyolewa upande mmoja. Alisimama na shuka la kinyozi shingoni.

"Mtu wa Mamba?"

"Yule yule," Kishindo alisema. "Aliyetufunga kwenye fainali akaja kucheza mbele yetu, akituzungushia kiuno."

"Mimi namfahamu kama kocha mzuri," mwalimu wa hesabu alianza. "Tumpe nafasi, mtu akishavaa jezi yetu..."

Walimzomea mpaka akajificha nyuma ya gazeti. Kisha Wembe, mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, aliona kwenye kioo kwamba macho yote yamemgeukia.

"Wembe," Kishindo alisema polepole. "Huyu si ile nyongeza yako?"

Walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa chake. Kwa mara ya kwanza dukani mwake, yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

Nyumbani ilikuwa furaha. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alikuwa anacheka peke yake jikoni. Jumapili ile kocha mpya alikuja kula nao mchana. Alikuwa amenenepa kidogo na mvi zimeanza, lakini bado alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye tayari kuinuka. Alimbeba binti yao mabegani, akala vyakula vyote alivyowekewa, akamsifu dada yake hadi dada akaona haya. Wakati wa kuondoka alimshika Wembe mkono, wakasimama nje.

"Shemeji, wale watu wako nawajua. Nimewahi kuzomewa nao, najua wanavyokula nyama mbichi. Sikuombi wanipende. Waniache nifanye kazi mechi chache tu."

"Shemeji, ondoa shaka," Wembe alisema. "Wale nimewatia mfukoni. Mimi nipo."

Alisema kwa moyo mmoja. Na zaidi ya hapo, alipomwangalia yule mtu akiingia kwenye gari, aliona aibu ya ajabu, kwa sababu yule kijana wa zamani wa nje ya geti alikuwa ameamka ndani yake na alitaka kuomba sahihi.

Mechi ya kwanza Radi walitoka sare, ya pili wakapigwa. Jukwaa la juani lilimtazama Wembe lisikie ataanza nini, naye akaanzisha nyimbo za zamani, za kusifu jezi. Watu waliitikia kwa uvivu. Dukani maneno yalizidi. Kila alipotaka kumtania mtu, mtu huyo alimjibu, "Kamtanie shemeji yako." Cheche alikuja na habari kwamba amekutana na jamaa mmoja aliyekulia upande wa pili wa mji, na kwamba jamaa huyo anasema jina la Wembe si geni kwake. Alisema kwa mzaha tu, akatoka, lakini Wembe alikosea kumnyoa mteja aliyefuata akamwachia njia ya upara juu ya sikio.

Ya tatu ikawa dhidi ya Mamba.

Kufika mapumziko Radi walikuwa nyuma kwa magoli mawili. Upande wa pili watu wa Mamba walikuwa wanamwimbia kocha wa Radi nyimbo za mapenzi, wakimshukuru kwa kuwasaidia kutokea huko alipo. Jukwaa la juani lilikuwa linachemka na halina pa kumwagikia. Kishindo alishusha ngoma yake chini, akaikalia.

"Mimi sipigi tena," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hatuna kiongozi. Tulikuwa na mtu mwenye mdomo, siku hizi umejaa pilau la shemeji."

Mtu mmoja nyuma akaongeza, "Mwacheni, huenda na yeye ni Mamba."

Alikuwa anabahatisha tu yule mtu, hakujua kitu. Lakini Wembe aliona macho ya Cheche yakimrudia, yakitulia juu yake, yakianza kufikiri. Alipanda juu ya uzio bila kusubiri wa kumshika miguu. Hakuwa amepanga. Baadaye alijiapia mara nyingi kwamba hakuwa amepanga, na huenda ni kweli, maana mdomo wake siku zote ulikuwa unafika kabla yake.

"Godoro hilo, godoro!"

Waliduwaa. Hawakujua wajibu nini. Akawafundisha hapo hapo, akielekeza kidole chake kwa mtu aliyekuwa akitoka chumba cha wachezaji kwa kipindi cha pili. Jana? Limelowa. Leo? Limelowa. Walipata maana yao wenyewe, kwamba timu inavuja kama godoro la kikojozi, na wakaona ni tamu. Kishindo alinyanyuka kutoka kwenye ngoma, akaanza kuipiga. Kufikia mara ya nne jukwaa zima lilikuwa linaimba, kufikia mara ya kumi hata watu wa Mamba upande wa pili walikuwa wanaitikia, na uwanja mzima ukawa mdomo mmoja.

Kocha alikuwa anatembea pembeni ya mstari. Alisimama. Wembe alimwona vizuri kutoka pale juu. Alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina na marehemu. Hakugeuka upesi, aligeuka kidogo kidogo, akaliangalia jukwaa la juani kuanzia chini hadi juu, halafu mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi utosini, kama unashika kitu kisianguke, akaushusha. Akaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya wachezaji wa akiba, na hakuinuka tena hadi mwisho.

Wembe alijisikia vizuri. Hilo halifichiki. Kuna watu wanaofanya ubaya huku roho inawauma, na yeye angependa kuhesabiwa miongoni mwao, lakini pale juu ya uzio, alipoona mkono ule ukipanda kichwani, alijisikia kama siku ile ya Lango la Hospitali, ila mara elfu.

Alirudi nyumbani akiwa amebebwa mabegani hadi mwisho wa barabara. Alipofungua mlango alikuta redio imezimwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kanga imemfunika uso. Mkewe alisimama.

"Nani kauanzisha?"

"Nini?"

"Usiniulize nini. Tumeusikia hapa, mama na mimi. Wameuimba mpaka mtangazaji akashindwa kusikika. Nani kauanzisha?"

"Watu tu," Wembe alisema. "Umetokea nyuma huko. Mimi mwenyewe nimeshangaa. Labda kuna mtu wa mtaa wenu wa zamani."

Mkewe alitaka kumwamini, na mtu anayetaka kuamini hana kazi kubwa. Siku ya pili yake kaka mtu alipiga simu. Wembe alimsikia mkewe kutoka chumbani, sauti ikipanda na kushuka. "Kaka, si mimi. Nakuapia kwa jina la mama. Ni mtu wa kule mtaani, wapo wengi bado... Kaka? Kaka, nisikilize." Alitoka na simu mkononi imekatika. Mume wake alikuwa mezani anakunywa chai. Angeweza kusema hapo. Alipuliza chai, akauliza kama kuna sukari zaidi.

Mama mkwe alikuwa amekwisha toa hukumu yake. Kuanzia siku hiyo, sahani aliyopakuliwa na binti yake aliiacha hivyo hivyo, akainuka mwenyewe kujipakulia kutoka sufuriani.

Halafu Radi wakaanza kushinda.

Kocha alikuwa ni kocha kweli, kama alivyosema mwalimu wa hesabu. Alibadilisha mabeki, akamweka benchi nahodha mzee, akawakimbiza vijana mazoezini hadi wakatapika. Walishinda moja, wakashinda na ya pili, wakaendelea. Na jukwaa la juani, likiwa na furaha ya mwendawazimu, halikuuacha wimbo. Wangewezaje kuuacha, ndio uliokuwa mdomoni wakati bahati inageuka! Waliubadilisha maana tu. Sasa waliolowa walikuwa wapinzani, waliolowa jana, wanaolowa leo, watakaolowa kesho. Kocha akawa Godoro Wetu. Watu wazima walikuja uwanjani wamejitwika vipande vya sponji kichwani. Mwenyekiti wa klabu alijitwika kimoja mbele ya wapiga picha, akamvalisha kocha kingine kwa mikono yake mwenyewe, na kocha alisimama nacho kichwani, akatabasamu, akapunga mkono, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo sasa. Alikuwa anapendwa. Hakuna namna ya kumkataza mtu anayekupenda.

Nyumbani kwa Wembe redio haikuwashwa tena siku za mechi, lakini wimbo uliingia kupitia dirishani. Watoto wa wapangaji waliuimba wakiruka kamba. Binti yao aliujifunza kwao, akauimba sebuleni mbele ya bibi yake, akishangaa kwa nini bibi ameinuka na kuingia chumbani.

Kituo cha televisheni kikatuma mwandishi kutafuta aliyeutunga. Alikuwa dada mmoja mchangamfu, na alipofika mtaani alimkuta Kishindo kwanza. Wembe, mashine mkononi, aliona kupitia mlango wa duka lake Kishindo akiwa amesimama mbele ya kamera na ngoma tumboni, akieleza jinsi wimbo ulivyomjia akiwa anaoga.

Kila kitu kingeweza kumalizika hapo. Wimbo ungebaki wa Kishindo, mkewe angeendelea kulaumu mtaa uliobomolewa, na miaka ingepita. Alichotakiwa kufanya Wembe ni kunyoa kichwa kilichokuwa mbele yake. Aliweka mashine chini, akatoka nje.

"Mwongo huyo! Akiwa anaoga? Huyu anaoga lini? Dada, geuza kamera yako. Muulize yeyote aliyekuwa jukwaani nani alipanda uzio."

"Ni kweli, ni Wembe," Cheche alisema.

Mwandishi akamsogezea kipaza sauti. "Uliupata wapi wimbo huu?"

Na Wembe, akiwa anaangaliwa na mtaa mzima, alisema, "Nyumbani kwangu. Mke wangu ni dada yake kocha, mnajua? Huo si wimbo wa kubuni. Jamaa alikuwa kikojozi wa kweli, mpaka ana ndevu! Walikuwa wanamtwika godoro. Mke wangu aliniimbia mwenyewe."

Walianguka kwa kicheko, hata mwandishi. Alikuwa amewapa zaidi ya walichoomba. Wakati kicheko kinatulia ndipo alipojisikia alichosema, na akaomba kwa haraka kipande kile kikatwe. Mwandishi alisema atajitahidi. Jioni hiyo kilirushwa chote, na kesho yake asubuhi kikarudiwa.

Mkewe hakupiga kelele. Alimngoja asubuhi aende kazini kama kawaida, akawafungia mizigo mama na mtoto, halafu akaja dukani mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, viti vyote vitatu vina watu na benchi limejaa. Wanaume walimpisha, wengine wakimpongeza, "Shemeji wa taifa!" Hakuwaitikia. Alisimama katikati ya nywele zilizotapakaa sakafuni.

"Nyinyi mnapenda habari za kweli," alisema. "Nimewaletea moja. Huyu mume wangu nilipomfahamu alikuwa Mamba. Mamba wa kulia machozi. Chumbani kwake ukutani kulikuwa na picha ya kaka yangu, amevaa jezi ya Mamba, na alikuwa analala chini yake. Ile fainali mnayoililia, aliyowafunga kaka, huyu alikuwa upande ule akishangilia. Alihamia kwenu siku alipopata hili duka."

"Mke wangu," Wembe alisema.

"Kama naongopa, mwambieni aape kwa binti yake."

Mashine zote tatu zilikuwa zimezimwa. Kishindo alikuwa wa kwanza kusema. "Apa."

Wembe alifungua mdomo. Alitafuta neno, hata moja la kuchekesha, la kukata, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mdomo ulirudi mtupu. Mkewe alikuwa amekwisha kutoka.

Jambo la shemeji yake walilicheka. Jambo la mkewe halikuwahusu. Hili la Mamba hawakulisamehe. Cheche aliondoka na povu la sabuni kidevuni, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kumwangalia. Jumatatu alikuta mlango wake umechorwa mdomo wenye meno. Mechi iliyofuata alikwenda jukwaani na kukuta Kishindo amesimama juu ya uzio, na alipotokea tu, walimpokea kwa wimbo uliotungwa kwa ajili yake. Ulikuwa wimbo mbaya, hauna hata vina, lakini maelfu wakiimba hakuna wimbo mbaya. Walimrushia vipande vya sponji vilivyolowekwa, na hakuuliza vimelowekwa katika kitu gani. Kabla ya mwisho wa mwezi alifunga duka, akahamia mtaa wa viwanda, kwenye chumba cha kiti kimoja, ambako wateja walikuwa wafanyakazi wa zamu, wanaosinzia wakinyolewa na hawataki kuongea.

Mkewe alikuwa amepanga vyumba viwili na mama na mtoto. Kaka mtu alimtumia mama yake mahitaji kwa dereva, na dereva alikuwa na amri kwamba kama dada ndiye atakayefungua mlango, aache mzigo kizingitini asimsalimie. Radi walichukua ubingwa mwaka huo, na walipomzungusha kocha mjini juu ya gari, mkewe Wembe alisimama kando ya barabara na mtoto mkononi. Gari lilimpita karibu kiasi cha kugusana. Kocha alimpungia mtu wa kushoto kwake, akampungia na mtu wa kulia.

Hilo ndilo lililomtoa Wembe. Alipoambiwa, alifunga chumba chake katikati ya siku, akaenda hadi uwanja wa mazoezi, akasimama nje ya waya mpaka kocha akamwona. Kocha alikuja, filimbi shingoni.

"Sikuja kwa ajili yangu," Wembe alisema. "Dada yako hana kosa. Ni mimi. Aliniambia kwa sababu nilikuwa nataka kumwaibisha mtoto, akanizuia. Hakujua nitaufanyia nini."

"Najua kuwa ni wewe," kocha alisema. "Siku ile ile nilikuona juu ya uzio. Sikushangaa. Wewe tangu zamani kazi yako ni kushangilia, na mshangiliaji kuzomea hakumsumbui. Wewe sina hasira na wewe, wewe si mtu wangu."

"Basi yeye..."

"Yeye tulilala chumba kimoja. Alikuwa anaamka kabla ya mama, anageuza godoro upande mkavu ili nisipigwe. Miaka yote alinifichia. Halafu akaenda kukupa wewe."

"Ilikuwa kwa ajili ya mtoto, shemeji."

Kocha aliiweka filimbi mdomoni, akaipuliza. Wachezaji wakainuka kwenye nyasi, naye akarudi kwao, kwa mwendo ule ule wa haraka.

Wembe alikwenda moja kwa moja kwa mkewe. Mkewe hakumkaribisha ndani, alitoka akasimama naye kizingitini, mikono ikiwa na maji ya vyombo.

"Amesemaje?"

Kulikuwa na njia za kulilainisha. Wembe alizitafuta njiani kote, na hakupata hata moja.

"Amekataa."

"Ulimweleza ilikuwa kwa sababu ya mtoto?"

"Nilimweleza."

"Akasemaje?"

"Akapuliza filimbi. Wakaendelea na mazoezi."

Mkewe aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelezwa njia ya kufika mahali fulani. Alimwambia kwamba mtoto yuko shule, aje kumwona Jumapili mchana, asichelewe. Kisha akaingia, akaurudisha mlango taratibu usigonge, kwa sababu mama alikuwa amelala.